Namna ya kucheza na mtoto mwenye usonji nyumbani: mwongozo kwa wazazi wa Unguja na Pemba

Maswali ni yale yale, na wengi huuliza kwa sauti ya chini. Nikimwita hageuki. Nikimpa gari la kuchezea hulipindua akazungusha magurudumu tu. Nikimkumbatia hujinasua. Sasa nicheze naye vipi? Nimeandika mwongozo huu kwa mzazi ambaye ameshaambiwa, au anashuku, kwamba mwanawe ana usonji, na anataka kujua afanye nini leo jioni nyumbani kwake, awe Micheweni, Makunduchi au Ng'ambo.

Jambo ninaloliamini kuliko yote ni hili: ingia wewe kwanza katika mchezo wake, kabla ya kumtaka yeye aingie katika wako. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya hilo. Usiniulize kwanza atasema lini. Uliza atafurahi lini kukuona unakuja kukaa karibu yake, kwa sababu maneno, yakija, huja kwa mtu ambaye mtoto anapenda kuwa naye.

Kuhusu usonji wenyewe nitasema machache. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Hausababishwi na malezi, wala chanjo, wala kijicho cha jirani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao, kwa hiyo hauko peke yako hata kama mtaani kwenu hujamwona mwengine. Hakuna dawa ya kuuondoa. Lakini mtoto mwenye usonji hujifunza, huzoea na hupenda, kwa njia yake na kwa mwendo wake.

Kabla hujaanza

Huna haja ya kununua chochote. Vitu vya dukani vinavyowaka taa na kuimba vyenyewe mara nyingi hukutilia fitina, maana mtoto hushughulika navyo akakusahau wewe. Tayarisha hivi:

- Mkeka au jamvi moja, litandikwe pahala pamoja kila siku.
- Vitu viwili viwili vya aina moja: mifuniko miwili ya sufuria, vifuu viwili, makopo mawili, vijiko viwili. Kimoja chake, kimoja chako.
- Kanga imara au shuka isiyochanika.
- Beseni, maji kidogo na kata.
- Kikapu cha kuwekea vitu, kitundikwe juu asikokufikia.
- Daftari na kalamu.
- Dakika 15 ambazo simu yako iko chumbani na televisheni imezimwa.

Yapo mambo mawili ya kuyamaliza kabla ya mchezo wowote.

La kwanza ni masikio. Mtoto asiyegeuka akiitwa huenda hasikii vizuri, na huwezi kulijua hilo kwa kukisia, kwa sababu hata mtoto mwenye upungufu wa kusikia huweza kushtuka mlango ukibamizwa. Nenda kituo cha afya, eleza unachokiona, uombe apimwe. Pasipo na kipimo, omba uandikiwe kwenda spitali kubwa: Mnazi Mmoja kwa walioko Unguja, kwa Pemba anzia Chake Chake, au Abdulla Mzee pale Mkoani.

La pili ni maji, na hapa nakusihi usipite haraka. Watoto wengi wenye usonji huondoka nyumbani kimya kimya, na wengi wao huvutwa na maji. Sisi tumezungukwa na bahari, na nyumba nyingi zina kisima uani. Kifunike kisima kwa mfuniko mzito ambao mtoto hawezi kuusogeza. Usiache pipa wazi wala ndoo iliyojaa. Tia komeo juu ya mlango, juu kuliko mkono wake. Wajulishe majirani, muuza duka na wavuvi wa diko la karibu: mkimwona peke yake, mshikeni mkono mumlete nyumbani, hata kama hasemi ametoka wapi. Akipotea, wa kwanza wakimbilie penye maji, wengine ndio watafute njiani. Na akifika umri wa kuweza, afundishwe kuogelea.

Hatua kwa hatua

1. Mtazame, usimwingilie. Siku tatu nne za mwanzo usimchezeshe. Kaa karibu, mtazame, andika. Anapenda kuzungusha? Kupanga? Kumimina? Kunusa? Kuruka? Huziba masikio akisikia nini? Ni saa ngapi mwili wake umetulia? Kuna mtoto Pemba ambaye msimu wa karafuu alikuwa hang'oki kwenye jamvi la kuanikia. Kila mtu alimfukuza, akidhani anachezea mali ya watu. Kumbe alikuwa akiokota makonyo, vile vikonyo vya karafuu, na kuyapanga moja moja, ncha zote zimeelekea upande mmoja. Mama yake alipokaa kitako akatazama hayo, alikuwa ameshapata pa kuanzia.

2. Weka saa, usiibadilishe. Mtoto huyu hutulia anapojua kinachofuata. Hapa kwetu tumepewa msaada mkubwa ambao wazazi kwengine hawana: siku yetu imegawika kwa adhana, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta nyakati za sala hazihami sana mwaka mzima. Ukisema "mchezo ni baada ya sala ya alasiri", basi ni baada ya alasiri, kaskazi na kusi. Epuka saa ana njaa au ana usingizi. Anza na dakika 10 au 15, mara moja au mbili kwa siku. Dakika 10 za kila siku zitamfaa kuliko saa nzima ya Ijumaa.

Kabla ya kukaa, mwonyeshe kitu kinachotangaza mchezo: lile jamvi lililokunjwa, au kile kikapu. Mtoto asiyefuata maneno hufuata vitu. Kata maana yake kuoga, kijiko maana yake kula, jamvi maana yake mchezo. Mkabidhi mkononi, mwende pamoja.

3. Shuka chini. Macho yako yawe sawa na yake au chini kidogo. Kama amekaa, kaa. Kama amelala kifudifudi anatazama tairi, lala. Kaa mbele yake, si nyuma, wala usimpakate akiwa amekupa kisogo, ili akiinua uso akuone bila kutafuta. Lakini mwachie nafasi. Ukiona anajivuta nyuma, rudi nyuma wewe.

4. Fanya anachofanya yeye. Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo ambayo wazazi hunitazama wasiamini ninapoitaja. Anazungusha mfuniko wa sufuria? Chukua mfuniko wako, uzungushe. Anapanga vifuu mstari mmoja? Panga vyako mstari wa pili pembeni. Anapiga kofi jamvini? Piga. Anatoa sauti "mmm, mmm"? Itoe, kwa upole, bila kumkejeli. Usikiguse kitu chake, ndiyo maana nilikwambia viwe viwili. Usimfundishe. Usimsahihishe. Usiseme "siyo hivyo, gari linasukumwa".

Fanya kwa moyo, kwa sababu mtoto anajua mtu anayesubiri tu zamu yake ya kumtawala. Zungusha ule mfuniko mpaka nawe uone kinachomvutia: unavyong'aa ukishika mwanga wa dirishani, unavyopiga kelele mwishoni ukikaribia kulala. Ukifika hapo, mna jambo la pamoja.

Siku za mwanzo huenda asikutazame kabisa. Endelea. Kisha yatakuja mambo madogo ambayo mgeni hayaoni: atasimama kidogo kuangalia mkono wako, atazungusha halafu atasubiri uzungushe, atasogea shibiri moja. Yaandike daftarini siku hiyo hiyo. Hayo ni mazungumzo, hata kama hakuna aliyesema neno.

Wazee watakuuliza: je, kumwiga hakutamzidishia tabia hiyo? Hapana. Kuzungusha, kupepea mikono na kupanga vitu humsaidia kujituliza au ni furaha yake, na atafanya uwepo usiwepo. Tofauti ni kwamba sasa yupo na mtu. Usichokiiga ni kinachoumiza: kujipiga, kujing'ata, kugonga kichwa ukutani.

5. Nyamaza usubiri. Baada ya kila zamu, hesabu kimoyomoyo moja mpaka kumi. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani, na mdomo utakuwasha. Mtoto mwenye usonji mara nyingi huhitaji muda zaidi wa kupokea jambo na kupanga jibu. Ukisema tena na tena kabla hajamaliza, unamrudisha mwanzo kila mara.

6. Mpe sababu ya kukutafuta. Ameshazoea uwepo wako? Sasa cheza michezo ambayo haiwezekani bila mtu. Ninaoupenda zaidi ni wa kanga. Watu wazima wawili mshike pembe nne, mtoto alale katikati, mmbembeze taratibu, chini chini tu juu ya godoro au mkeka. "Moja… mbili… tatu!" Mbembeze mara tano, kisha simama. Kanga imetulia, nyuso zenu zimemwangalia kwa hamu, hakuna anayesema. Subiri. Ishara yoyote akitoa ya kutaka tena, iwe mguu, sauti, jicho, au kujitikisa mwenyewe, mbembeze papo hapo. Asisubiri hata nukta. Ndivyo anavyojifunza kwamba akituma kitu kwako, kinafika.

Baadaye simama kwenye "moja… mbili…" na umwachie "tatu". Kama ni sauti tu isiyo na umbo, imetosha.

Mengine ya aina hii: kumfunika kanga na kumfunua, kumpuliza viganjani, kumkimbiza uani na kumkamata, kumbeba mgongoni mpaka kwenye mlango na kurudi, kumminyaminya mabega na miguu kwa uzito (wengi hupenda mkono mzito na huchukia mguso mwepesi), kummiminia maji miguuni kwa kata. Mtoto akikunja uso, mchezo huo si wake, jaribu mwengine.

7. Punguza maneno. Kama hasemi, sema neno moja. Kama anasema neno moja, sema mawili. "Maji." "Mimina." "Maji tena." Usimwambie "haya mwanangu mzuri hebu mwonyeshe mama maji yako wapi", neno analolihitaji limezama humo. Sema neno wakati kitu chenyewe kinatokea, si kabla wala baada. Nyimbo zinaruhusiwa, maana hurudi vile vile kila siku na mtoto huweza kujaza neno la mwisho. Ukiishi na bibi yake, mwombe yeye aimbe. Bibi zetu wanazo nyingi na hawana haraka.

8. Badilisha kitu kimoja tu. Mkishakuwa na mchezo wenu, ongeza kidogo sana. Mnazungusha mifuniko: zungusha wako juu ya kifuu. Mnapanga makopo: tia kokoto ndani ya kopo lako, likokote. Akitazama au akiiga, vizuri. Akikasirika au akiondoka, rudi kwenye mchezo wa zamani bila ugomvi, ujaribu wiki nyengine.

9. Maliza vizuri. Maliza akiwa bado anafurahia. Sema neno lile lile kila siku, "basi, tumemaliza", rudisheni vitu kikapuni pamoja, kunjeni jamvi. Kisha mkabidhi kitu cha kinachofuata, kata au kijiko. Watoto wengi hulia si kwa kukatazwa mchezo bali kwa kukatishwa ghafla.

10. Utoe mchezo jamvini. Baada ya wiki kadhaa, tia zamu zenu ndani ya kazi za nyumbani. Unakuna nazi: mpe kifuu akutilie machicha. Unafua: mmoja atie, mmoja akamue. Unapeta mchele, unachambua karafuu, unasuka ukili, zote zina mwendo wa kurudiarudia ambao mtoto huyu anaupenda. Umchezeshe dakika tano humo humo, kazi iendelee. Kisha muingize ndugu yake mmoja, si wote. Mfundishe huyo ndugu hatua ya 4 na ya 5. Mara nyingi watoto huijua kazi hii upesi kuliko baba zao na ami zao.

Makosa yanayojirudia

Kumshika kidevu ili akutazame. Macho ya mtu humchosha au humtisha. Anaweza kukusikiliza akitazama ukuta.

Kumgeuza mtihani: "Hii nini? Hii rangi gani? Sema ng'ombe!" Nani angependa kucheza na mtu kama huyo?

Kumnyima chakula au maji mpaka aseme. Usifanye kamwe. Ukimzuilia kitu, kiwe ni zamu ya mchezo, na kwa nukta chache tu.

Kumwachia simu siku nzima kwa sababu "hapo ndipo hutulia". Hutulia kweli, na ukipika waweza kumpa. Lakini saa zile hana mtu.

Kumchapa au kumfunga. Mtoto aliyezidiwa na kelele, joto na watu hana ubishi wa kuvunjwa. Amelemewa, na fimbo humwongezea mzigo.

Mambo yakikwama

*Ananikimbia kila nikikaa.* Umekaa karibu mno au unasema sana. Kaa upande wa pili wa chumba, cheza peke yako na kitu anachokipenda, usimwangalie. Fanya hivyo siku kadhaa.

*Anarusha kila kitu.* Huenda kurusha ndiyo mchezo. Mpe vya kurusha: makumbi ya nazi, vitambaa vilivyofungwa fundo. Weka beseni, mtupe humo kwa zamu.

*Anajigonga kichwa.* Tia mto au mkono wako katikati, usipige kelele, punguza sauti na watu, subiri. Likipita, andika kilichotangulia. Tazama pia meno, masikio, koo na choo kigumu. Mtoto asiyeweza kusema "naumwa" huenda akajigonga kwa sababu ya maumivu. Ikiwa limeanza ghafla, mpeleke kwa daktari.

*Anakula mchanga au udongo.* Mpeleke akapimwe damu na minyoo. Nyumbani mpe vya kutafuna wakati wa mchezo: si muhogo mbichi, hata ule mtamu, bali kipande cha karoti au mkate mkavu, ukiwa karibu yake asipaliwe.

*Anarudia maneno yangu kama yalivyo.* Furahi. Ukimuuliza "unataka maji?" naye akajibu "unataka maji?", huenda anasema anayataka. Mpe maji, useme vile ungependa aseme: "Nataka maji."

*Anaziba masikio kwa adhana, blenda au honi za daladala.* Usimtoe mikono masikioni. Mtangulizie habari: dakika moja kabla ya adhana mwonyeshe ishara, mwingie chumba cha ndani, mfunike kanga kichwani kama anapenda. Sikukuu, msimpeleke kwenye viwanja usiku watu wamejaa. Mpelekeni mchana mapema, mwondoke mapema.

*Ukweni wanasema ana shetani.* Usigombane nao. Dua na kisomo havina ubaya, na msomeeni. Lakini simama imara kwa mtu yeyote anayetaka kumfukiza, kumchanja, kumfunga au kumpiga ili "kitoke". Njia inayofaa kuliko hoja ni kumkalisha yule mzee jamvini, umpe mfuniko wa pili.

*Hasemi mpaka leo.* Mfundishe kukushika mkono na kukuonyesha, kisha kukupa picha au kitu: kopo tupu likiwa na maana ya maji. Hilo halizuii kusema. Wengi husema baadaye, na asiyesema naye ana haki ya kueleza anachotaka.

*Atasoma wapi?* Wizara ya Elimu ya Zanzibar inafuata elimu mjumuisho, yaani mtoto mwenye ulemavu kusoma pamoja na wenzake, kwa hiyo anza skuli ya karibu, na zungumza na mwalimu mkuu kabla ya mwaka kuanza. Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar, ZAPDD, nayo ni mahali pa kukutana na wazazi wenzako. Mpe mwalimu karatasi moja tu: anachokipenda, anachokikimbia, anavyoomba maji na choo.

*Amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au hukodoa macho akazimika kwa muda.* Hili halisubiri mchezo. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine. Mpeleke spitali, na ukiweza mrekodi kwa simu akiwa katika hali hiyo. Akianguka na kutetemeka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie chochote mdomoni, tazama saa. Kutetemeka kukizidi dakika 5, au kukirudi mara ya pili kabla hajazinduka, tafuta gari mara moja.